Kutoka EWS hadi DB Cargo: historia ya kampuni ya treni za mizigo Uingereza na vichwa vyake

Mtu anayesimama kando ya reli nchini Uingereza anaweza kuona treni ya mizigo ikivutwa na kichwa chekundu chenye herufi za DB, baadaye akaona kingine cha umbo lile lile chenye rangi ya damu ya mzee na mkanda wa dhahabu, kisha cha tatu, pacha wa hivyo viwili, chenye rangi za buluu na chungwa za kampuni nyingine kabisa. Vyote vitatu huenda viliagizwa siku moja na mteja mmoja, mwezi Mei 1996. Ukijaribu kuifuata historia ya mteja huyo kwa majina yake utapotea upesi, kwa kuwa kampuni imeitwa EWS, kisha DB Schenker, kisha DB Cargo UK, na wenye hisa wakubwa wamekuwa Wamarekani, Wakanada na Wajerumani kwa zamu. Njia iliyonyooka zaidi ni kuvifuata vichwa vyenyewe: vilikotoka, kwa nini vilinunuliwa, vilivuta nini, na vilikwenda wapi mzigo ule ulipokwisha.

Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1948, na kwa karibu nusu karne ziliendeshwa na shirika moja la umma, lililokuja kujulikana kama British Rail. Sheria ya Reli ya mwaka 1993 ililivunja shirika hilo vipande vipande. Njia, madaraja na mitambo ya ishara vilikwenda kwa kampuni mpya ya Railtrack mwezi Aprili 1994, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Network Rail mwaka 2002. Huduma za abiria ziligawiwa kampuni binafsi kwa mikataba ya miaka kadhaa, serikali ikiendelea kupanga kiwango cha chini cha huduma na kulipa ruzuku. Mizigo haikufanyiwa hivyo. Iliuzwa moja kwa moja. Aliyenunua alimiliki vichwa, mabehewa, karakana na mikataba ya wateja, na akabaki kulipa ada ya kupita kwenye reli zisizo zake. Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana kampuni ya abiria nchini humo kwa kawaida ilikodisha treni zake na kuziacha mkataba ulipoisha, ilhali kampuni ya mizigo ilibidi iamue yenyewe inunue nini, kisha iishi na uamuzi huo kwa miongo.

Ili kuwe na ushindani, mwaka 1994 shughuli za treni nzima nzima za mizigo, yaani makaa ya mawe, chuma, kokoto na mafuta, zilikatwa kimkoa na kuwa kampuni tatu: Loadhaul upande wa kaskazini-mashariki, Mainline Freight kusini-mashariki, na Transrail upande wa magharibi, Wales na Scotland. Nje ya hizo tatu kulikuwa na Rail Express Systems iliyovuta treni za posta, Railfreight Distribution iliyoshika mizigo ya kupita chini ya Mlango wa Bahari wa Uingereza, na Freightliner ya makontena. Loadhaul ilipaka vichwa vyake rangi nyeusi na chungwa, Mainline ikapaka buluu, na kila moja ikaanza kujitafutia wateja kana kwamba ingeishi miaka mingi. Hazikuishi. Serikali ilizitenga ili zishindane, kisha ikaziuza zote tatu kwa mnunuzi mmoja.

Mnunuzi huyo alikuwa muungano wa wawekezaji ulioongozwa na Wisconsin Central, kampuni ya reli ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1987 kuendesha njia ambazo kampuni kubwa ya Soo Line ilizitema katika majimbo ya kando ya Maziwa Makuu. Rais wake, Ed Burkhardt, alikuwa amejijengea jina kwa kuchukua reli iliyoonekana haina faida na kuifufua kwa kwenda kuwatafuta wateja wadogo waliopuuzwa. Hoja yake mbele ya serikali ya Uingereza ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuipinga: mshindani halisi wa treni ya mizigo ni lori, na kuzigonganisha treni tatu dhaifu hakutarudisha hata tani moja kutoka barabarani. Muungano huo ulinunua Rail Express Systems mwezi Desemba 1995, kisha kampuni tatu za mikoa mwezi Februari 1996 kwa takriban pauni milioni 225. Mwaka huo kampuni iliyounganishwa ikapewa jina English Welsh & Scottish Railway, kwa kifupi EWS. Nembo yake ilikuwa na vichwa vya wanyama watatu, simba wa Uingereza, dragoni wa Wales na kulungu dume wa Scotland, na rangi yake, ile ya damu ya mzee na dhahabu, ilitoka moja kwa moja Wisconsin. Mwaka 1997 ikanunua pia Railfreight Distribution. Freightliner pekee, kati ya zile kubwa, iliponyoka, ikachukuliwa na mameneja wake wenyewe mwaka 1996.

Burkhardt alitangaza nia ya kuongeza mzigo wa reli mara tatu ndani ya miaka kumi. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mikononi mwake tayari, nacho ni vichwa alivyorithi.

Hapa inafaa kueleza namba, kwa sababu bila hizo mtu hawezi kufuata mazungumzo yoyote kuhusu treni za Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 British Rail ilinunua kutoka Marekani mfumo wa kompyuta wa kusimamia treni, na mfumo huo ukataka kila kichwa kiwe na tarakimu tano: mbili za mwanzo zinataja aina, tatu za mwisho zinataja nafasi ya kichwa ndani ya aina hiyo. Kwa hiyo 37001 ni cha kwanza katika aina ya 37. EWS ilirithi mchanganyiko mpana wa aina hizo. Vile vya 37, vya nguvu za farasi 1,750, vilitengenezwa kati ya 1960 na 1965. Vya 47, ambavyo kwa jumla vilikuwa vimetengenezwa 512, vilitoka viwandani kati ya 1962 na 1968. Aina ya 56, ya nguvu za farasi 3,250, ilianza kazi mwaka 1976, vichwa 30 vya mwanzo vikiwa vimetengenezwa na kiwanda cha Electroputere huko Craiova, Romania, na sifa yao ya ubovu haikusahaulika miongoni mwa mafundi. Aina ya 58, vichwa 50 kutoka Doncaster, ilikuwa ya miaka ya 1980. Chini ya hivyo kulikuwa na vichwa vidogo vya sogeza vya aina ya 08, vya miaka ya 1950, ambavyo kazi yao ni kupanga mabehewa yadini.

Vipya zaidi vya dizeli vilikuwa 100 vya aina ya 60, vilivyotengenezwa na Brush huko Loughborough kati ya 1989 na 1993. Hivi ni vichwa vizuri kwelikweli, vyenye nguvu za farasi 3,100 na uwezo mkubwa wa kung'oa treni nzito kutoka kusimama bila magurudumu kuteleza. Lakini vilichukua muda mrefu kukubalika kazini kwa sababu ya hitilafu za mwanzoni, na teknolojia yao ilihitaji mafundi na vipuri vya peke yake. Ukiviweka vyote pamoja unapata tatizo la kweli la EWS: injini za watengenezaji wengi, kila moja na vipuri vyake, na mafunzo tofauti kwa madereva, kiasi kwamba dereva aliyezoea aina moja hakuweza kupewa nyingine bila kufundishwa upya.

Jibu lilikuwa limeshaonyeshwa miaka kumi kabla, na wachimba mawe. Kampuni ya Foster Yeoman, yenye machimbo ya kokoto huko Merehead, Somerset, ilichoshwa na vichwa vya British Rail vilivyoharibika kila mara, ikaenda kununua vyake Marekani kutoka kitengo cha vichwa vya treni cha General Motors, EMD. Vinne vya kwanza vya aina ya 59 viliingia mwaka 1986, vikawa vichwa vya kwanza vya dizeli vya mtu binafsi kufanya kazi kwenye njia kuu za British Rail, na upatikanaji wao kazini uliwaaibisha ndugu zao wa serikali. Kampuni nyingine ya mawe, ARC, ikafuata, kisha kampuni ya umeme ya National Power. Jumla vikawa 15.

Kwa hiyo mwezi Mei 1996, miezi michache tu baada ya kuchukua usukani, EWS iliagiza vichwa 250 kutoka EMD kwa thamani ya takriban pauni milioni 375. Ilichukua umbo la nje la 59 karibu kama lilivyo, kwa sababu lilikuwa limeshathibitishwa kupita salama kwenye njia za Uingereza, na ndani ikaweka injini mpya zaidi ya silinda 12 yenye nguvu za farasi 3,300. Kichwa kinakaa juu ya fremu mbili, na magurudumu sita ya kila moja yaliwekwa kwa namna inayoyaruhusu kujielekeza kwenye kona, jambo linalopunguza msuguano na kulika kwa reli. Hii ndiyo aina ya 66. Ina uzito wa takriban tani 127 uliogawanywa juu ya ekseli sita, na mwendo wa juu wa kilomita 121 kwa saa. Haina kitu chochote cha kumshangaza mhandisi, na huko ndiko kulikokuwa na busara ya uamuzi ule. EWS ililipia hakika, kwamba kichwa kitawaka asubuhi na kufika jioni, na kwamba kipuri cha kimoja kitaingia katika vingine 249.

Vilitengenezwa katika kiwanda cha EMD huko London, mji wa jimbo la Ontario, Kanada, vikasafirishwa kwa meli kuvuka Atlantiki. Cha kwanza, 66001, kiliteremshwa bandari ya Immingham mwezi Aprili 1998, na kufikia katikati ya mwaka 2000 vyote vilikuwa vimefika. Kiwango hiki ni vigumu kukitia akilini: kichwa kipya zaidi ya viwili kila wiki, kwa miaka miwili mfululizo. Vya aina ya 31, 37, 47 na 56 vikaanza kwenda kwa wauza vyuma chakavu kwa makundi.

Madereva hawakuvipenda wote. Chumba cha dereva kilikuwa na kelele, kilitikisika, na siku za joto kiligeuka tanuri, na chama chao cha wafanyakazi, ASLEF, kimelalamikia hali hiyo kwa miaka mingi. Nadhani malalamiko hayo yanastahili nafasi katika historia hii sawa na takwimu za nguvu na kasi, kwa sababu kichwa kilichosifiwa na wahasibu kwa kutoharibika kilikuwa mahali pa kazi ya watu kwa zamu nzima ya saa nyingi, na viyoyozi vilikuja kuwekwa baadaye sana.

Mzigo uliohesabiwa kulipia vichwa hivi ulikuwa makaa ya mawe. Tangu mwaka 1965 British Rail ilikuwa imebuni treni ya mzunguko usiokatika kati ya mgodi na kituo cha kufua umeme, na mtu aliyeiona ikipakua mzigo hawezi kuusahau utaratibu wake. Treni haisimami. Inaingia juu ya mashimo ya kupokelea makaa kwa mwendo wa chini ya kilomita moja kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea, dereva akiwa ameuweka mtambo maalumu wa kudhibiti mwendo huo. Vyuma vilivyofungwa kando ya njia vinagusa wenzo ulio chini ya kila behewa, milango ya sakafuni inafunguka, tani takriban 32 za makaa zinamwagika kwa mshindo, kisha vyuma vingine mbele kidogo vinaifunga milango hiyo tena. Treni ikitoka upande wa pili iko tupu, nayo inaendelea kuzunguka kwenye kitanzi cha reli na kurudi mgodini bila kichwa kufunguliwa wala kubadilishwa upande. Vituo vikubwa kama Drax, Cottam, West Burton na Ratcliffe-on-Soar vililishwa hivyo usiku na mchana. EWS iliyabadilisha mabehewa yale madogo kwa mapya yenye kubeba tani zaidi ya 70 kila moja, yaliyotengenezwa mjini York na kampuni ya Thrall kutoka Marekani, katika karakana iliyokuwa imefungwa. Oda ilipokwisha, mwaka 2002, karakana ile ikafungwa tena.

Kampuni haikutegemea makaa peke yake. British Rail ilikuwa imeua huduma ya behewa moja moja mwaka 1991, ikiamini kwamba mteja asiyeweza kujaza treni nzima hafai kuhudumiwa. Transrail ilikuwa imejaribu kuirudisha kwa jina la Enterprise, na EWS ikaipanua, ikikusanya mabehewa machache kutoka kiwanda cha karatasi hapa na ghala la chuma pale, na kuyaunganisha yadini yaende pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu ya Wisconsin yenyewe. Ilileta mzigo, lakini ni kazi yenye gharama kubwa katika nchi ambayo umbali ni mfupi na lori linafika mlangoni, na kwa kadiri miaka ilivyopita ilipungua.

Posta iliifundisha kampuni somo kali zaidi. Kwa ajili ya treni za barua EWS iliagiza vichwa 30 vya aina ya 67, vyenye uwezo wa kukimbia kilomita 200 kwa saa, vilivyotengenezwa na Alstom huko Valencia, Hispania, kwa niaba ya General Motors. Ni vichwa vya kazi ya haraka, lakini vina uzito wa tani 90 juu ya ekseli nne tu, kwa hiyo kila ekseli inabeba zaidi ya tani 22, na njia nyingi ndogo haziwezi kuvipokea bila masharti. Vilifika kati ya 1999 na 2000. Mwaka 2003 Royal Mail, kampuni ya posta ya Uingereza, ikatangaza kuacha mkataba, na treni za mwisho ambazo ndani yake wafanyakazi walipanga barua usiku zikasafiri Januari 2004. Vichwa 30 vya bei kubwa, vilivyotarajiwa kufanya kazi hiyo kwa miongo, vikabaki bila kazi hiyo kabla ya kutimiza miaka mitano. Viwili, 67005 na 67006, vilipakwa rangi ya treni ya kifalme na kupewa heshima ya kuivuta. Vingine vikaenda kuvuta treni za abiria za kampuni nyingine kwa kukodishwa. Treni ya kifalme nayo, kwa uamuzi uliotangazwa mwaka 2025, inatarajiwa kustaafu kufikia 2027.

Vya umeme vilikuwa na masaibu ya aina nyingine. Njia ya chini ya bahari ilipofunguliwa mwaka 1994 ilionekana wazi kwamba mizigo ya Ulaya ingefurika, na kwa ajili hiyo zilitengenezwa mashine 46 za aina ya 92 zenye kutumia umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu, na pia volti 750 kutoka reli ya tatu iliyolazwa kando ya njia kusini mwa Uingereza. Vilipewa majina ya waandishi na watunzi wa muziki wa Ulaya. Lakini umeme wao mkubwa uliingiliana na mitambo ya ishara, na idhini ya kuvitumia kila mahali ilichelewa. Treni za abiria za usiku ambazo baadhi ya mashine hizo zilikuwa zizivute hazikuanza kabisa. Mafuriko ya mizigo nayo hayakuja: ada za kupita zilikuwa juu, na mnamo 2001 na 2002 huduma zilivurugwa kwa miezi mingi na hali ya usalama katika yadi ya Fréthun karibu na Calais, ambako watu waliotafuta kuvuka kwenda Uingereza walikuwa wakipanda treni za mizigo. EWS ikawa na vichwa vya kisasa vilivyoegeshwa, na baadaye kadhaa vikauziwa kampuni ndugu za Bulgaria na Romania.

Wakati huo huo wapinzani walikuwa wamejifunza. Freightliner iliingia kwenye makaa na kokoto kuanzia mwaka 1999 ikitumia nini? Aina ile ile ya 66, iliyoagizwa kwa mtengenezaji yule yule. GB Railfreight, iliyoanzishwa mwaka huo, ilianza nayo pia, na Direct Rail Services, iliyozaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya kubeba mali ya nyuklia, ikafuata. EWS iligharamia kukifahamisha kichwa hiki kwa reli za Uingereza, na kila aliyekuja nyuma akafaidi njia iliyokwisha kusafishwa. Namna mojawapo ya EWS kujibu haikuwa halali: mwezi Novemba 2006 mamlaka ya udhibiti wa reli iliitoza faini ya pauni milioni 4.1 kwa mikataba ya makaa iliyowazuia wapinzani kuwafikia wateja. Hoja ya mwaka 1996, kwamba adui ni lori tu, ilikuwa imefika mwisho wake.

Kuhusu umiliki, mambo yalikwenda hivi. Burkhardt aliondoka Wisconsin Central mwaka 1999. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilinunuliwa na Canadian National, ambayo kwa njia hiyo ikajikuta na fungu kubwa la hisa za EWS bila kuwa na haja nalo. Mwaka 2007 Deutsche Bahn, shirika la reli la serikali ya Ujerumani, ilikubali kuinunua EWS kwa pauni milioni 309. Jina likawa DB Schenker mwanzoni mwa 2009, na DB Cargo UK mwaka 2016. Hivyo mizigo iliyoondolewa mikononi mwa serikali ya Uingereza kwa jina la soko huria imeishia mikononi mwa serikali nyingine, na hilo ni jambo ambalo waliotunga sheria ya 1993 sidhani walilitazamia.

Kilichowavutia Wajerumani si Uingereza peke yake. EWS ilikuwa na tawi nchini Ufaransa, Euro Cargo Rail, lililoanza mwaka 2005 pale soko la mizigo la Ufaransa lilipokuwa likifunguliwa, na tawi hilo liliweza kukua haraka kwa sababu ya jambo moja la vipimo. Upana kati ya reli mbili ni uleule Uingereza na Ufaransa, milimita 1,435, lakini Waingereza walijenga mapema mno, hivyo mahandaki na madaraja yao ni membamba na mafupi, na treni nyingi za bara haziwezi kupita huko. Kinyume chake hakuna kizuizi: kichwa kilichobanwa kutosha Uingereza kinapita popote. Makumi ya vichwa vya 66 vya EWS vilirekebishwa na kupelekwa Ufaransa, na vingine vikaenda Poland. Vya 58 vilikuwa vimetangulia, baada ya kustaafishwa nyumbani, kwenda Uholanzi, Ufaransa na Hispania, ambako baadhi vilivuta treni za vifaa vya kujengea reli za mwendo kasi. Na zaidi ya hivyo vya EWS, makampuni ya Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji, Sweden na Norway yaliagiza 66 zao wenyewe.

Kisha makaa ya mawe yakaisha. Mwezi Aprili 2015 kodi ya Uingereza kwa hewa ya ukaa inayotolewa na vituo vya umeme ilipanda kutoka pauni 9.54 hadi 18.08 kwa tani, na hesabu za kuchoma makaa zikavunjika. Mwezi Desemba mwaka huo mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi wenye kina kirefu, Kellingley, ukafungwa, na kiwanda cha chuma cha Redcar kilikuwa kimesimama miezi michache kabla. Oktoba 2016 DB Cargo UK ilitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi karibu 900. Treni ya mwisho ya makaa kwenda Ratcliffe-on-Soar ilifika Juni 2024, ikivutwa na mpinzani, GB Railfreight, na kituo kikazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Drax imegeukia vidonge vya mbao kutoka Amerika Kaskazini vinavyopokelewa bandarini, na hivyo reli zake bado zina kazi, ila treni nyingi za DB siku hizi ni za kokoto na mawe ya kujengea miji, chuma na makontena.

Mabadiliko hayo yanaonekana katika hatima ya kila aina. Mwaka 2011 kampuni ilianza kuvifufua upya baadhi ya vya 60 katika karakana ya Toton, kwa kuwa hakuna kilichoweza kuvishinda kwenye treni nzito za mafuta na kokoto. Kumi vikauzwa kwa kampuni ya Colas mwaka 2014, ambavyo baadaye vilinunuliwa na GB Railfreight. Vya 66 vilivyozidi navyo viliuzwa, kumi kati yake kwa GB Railfreight hiyo hiyo, vikapewa namba 66780 hadi 66789. Vichache kati ya vile vya 66 vilivyobaki na DB vina kazi ya pekee huko Lickey, kusini mwa Birmingham, ambako njia inapanda mita moja kwa kila mita 38 hivi: vinasubiri chini ya mlima, mjini Bromsgrove, na treni nzito ikija vinaisukuma kwa nyuma hadi kileleni.

Swali lililobaki ni la umri. Kwa kuwa vilinunuliwa kwa mkupuo, vinazeeka kwa mkupuo. Hakuna kichwa hata kimoja cha oda ile ambacho sasa hakijatimiza miaka 25. Kuagiza vingine vya namna hiyo haiwezekani. Kiwanda cha Ontario kilifungwa mwaka 2012, na sheria za Ulaya kuhusu moshi zilimaliza uuzaji wa injini ile. Cha mwisho kwa Uingereza, 66779, kilizinduliwa katika makumbusho ya reli mjini York mwezi Mei 2016. DB Cargo UK imejaribu kuvijaza mafuta yatokanayo na mimea badala ya dizeli, jambo linalopunguza hewa ya ukaa bila kugusa injini. Kutumia umeme si rahisi kama inavyodhaniwa, kwa sababu njia nyingi za bandari na machimbo hazina waya, na bei ya umeme ilipopanda mwaka 2021 Freightliner iliegesha vichwa vyake vya umeme na kurudi kwenye dizeli hata chini ya waya. GB Railfreight imechagua njia ya kati: vichwa 30 vya aina ya 99, vinavyotumia waya palipo na waya na dizeli pasipokuwa nao, vilivyoanza kuwasili mwaka 2025. Vimetengenezwa na Stadler huko Valencia, katika kiwanda kilekile kilichotengeneza vile 30 vya posta. DB, ambayo Tume ya Ulaya iliitaka mwezi Novemba 2024 ikirudishe kitengo chake cha mizigo kwenye faida ifikapo mwisho wa 2026, italazimika kuamua kuhusu vichwa vyake vya Uingereza ikiwa na fedha kidogo kuliko alizokuwa nazo Burkhardt, na bila mzigo mmoja mkubwa wa kuulipia uamuzi huo.